Wageni Wakute Pasafi

Mtaa mzima ulimwita Mama Miche, na jina likamkaa kiasi kwamba hata mabinti zake, wakipiga simu kutoka huko walikoolewa, walianza kwa kuuliza kama miche haijambo, ndipo wamuulize mama yao. Yeye aliwajibu kwamba miche haijambo, anayeumwa mgongo ni mama yenu, lakini hilo si la kuuliza. Alikuwa mwanamke wa maneno machache mbele ya wakubwa na maneno mengi mbele ya mimea. Asubuhi ungemsikia akiikaripia milimao kwa uvivu, akiyasifu mawaridi, akiutishia mparachichi mmoja mkaidi kwamba usipochipua mwaka huu atauuza kwa mtu asiyejua kumwagilia.

Mahali pake pa kazi palikuwa ukanda mwembamba wa ardhi nyuma ya mtaa. Upande mmoja ulikuwepo ukuta wa kiwanja kikubwa kilichokaa kitupu miaka na miaka, upande wa pili mtaro, na ng'ambo ya mtaro barabara ya nyuma. Ardhi ile ilikuwa ya manispaa, na hilo hakumficha mtu. Alipoanza, wakati mabinti bado wananyonya vidole, alikuja afisa mmoja wa siku zile akamkuta ameinama na jembe. Afisa hakumfukuza. Alimwambia, "Kaa, mama, lakini usipande kitu ardhini. Weka kwenye viriba. Siku tukipahitaji, unabeba mizigo yako na tunaagana kwa amani."

Mama Miche alilishika neno lile kama amana. Kila mche aliouotesha uliishi ndani ya kiriba, mfuko mweusi wa plastiki uliojaa udongo na samadi. Miti iliyotoka mikononi mwake ilikuwa inatia kivuli shuleni, zahanati, na nyumbani kwa watu ambao hawakumbuki tena walinunua wapi. Yeye mwenyewe hakuwa na hata mmoja. Chumba chake na cha mumewe kilikuwa kwenye nyumba ya wapangaji, na uani pale palisakafiwa saruji hadi mlangoni.

Mumewe ni Fundi. Alikuwa mpaka rangi wa kuaminika, mtu ambaye ukimwachia nyumba unarudi unakuta ukuta umependeza na sakafu haina tone. Kisha siku moja ngazi ilimtupa, nyonga ikavunjika, ikaunga vibaya, na tangu hapo kiti kikawa ndiyo kazi yake. Kando ya kiti aliweka fimbo na kopo la rangi lililokuwa tupu. Akitaka kujisaidia, au akizidiwa na maumivu, hugonga kopo kwa fimbo, na mkewe kule kwenye ukanda husikia, huacha keni ya maji palepale na kukimbia. Kwa hiyo mtu asije akasema angehamia kwingine. Kwingine gani? Ilibidi pawe mahali pa kusikia kopo. Ukanda ule uliwalisha wote wawili, na hapakuwa na mwingine.

Basi kile kiwanja kitupu kikapata mwenyewe. Bango likafungwa ukutani, bango la kupendeza lenye picha ya nyumba za ghorofa zilizoshikana kuta, zote sura moja, mlango mwekundu, mlango mwekundu, mlango mwekundu. Mbele ya kila mlango alichorwa mtu mwembamba anayetabasamu. Chini yake manispaa iliandika kwamba mradi uko kwenye mapitio, na mwenye maoni au pingamizi alete.

Mtaa ulichacha. Wakakutana barazani kwa Mwalimu, mwalimu mstaafu ambaye bado alinyoosha kidole akitaka watu wanyamaze, na bado walinyamaza. Kilichowauma ni njia. Ramani ilionyesha lango la nyumba zile likifunguka mtaani kwao, mtaa ambao gari mbili zikikutana moja lazima irudi kinyumenyume huku dereva akitukanwa na mwenye duka.

"Hatupingi watu kukaa," Mwalimu alisema. "Watu lazima wakae mahali. Ila hizo gari zote zipite hapa, watoto wetu wacheze wapi? Tunasema hivi: nyumba zipunguzwe, na njia itafutwe kwingine. Anayekubali?"

Mikono ikainuka. Mama Miche alikuwa amekaa pembeni karibu na mkewe Mwalimu, rafiki yake wa siku nyingi, ambaye bomba lake ndilo lililomwagilia miche yote ile bila kelele wala masimango. Naye akainua mkono wake. Hakuwa na sababu ya kutoinua. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sioni jirani mwema ambaye angekaa na mkono wake mapajani siku ile.

Pingamizi likapelekwa. Majibu yakaja kwamba kamati ya mipango miji itafika yenyewe kukagua, ione kwa macho kabla ya kuamua. Mtaa ukafurahi kama umeahidiwa harusi. Mama Miche akampelekea Fundi habari, naye Fundi, ambaye kwa muda mrefu hakuna mtu aliyemtaka ushauri, akajinyoosha kitini.

"Watapita kwako?"

"Lazima wapite. Ukuta wa nyuma uko kwangu."

"Na wakipita watakanyaga wapi? Pale viriba hadi mtaroni. Mtu na viatu vyake vya ofisi anaruka ruka kama chura."

"Watazunguka, baba."

"Sikiliza, mama watoto. Mimi nimefanya kazi na watu wa namna hiyo. Chumba hakipakwi rangi na vyombo ndani. Mteja akiingia akakuta makochi yamelundikana, haoni ukuta, anaona fujo, na ukimwonyesha ukuta wenyewe anakwambia nitafikiria. Toa vyombo kwanza. Fagia. Aingie aone mahali. Wakikuta pale fujo watasema huyu mwanamke amechafua ardhi ya serikali. Wakikuta pasafi, watajua pana mtu mwenye adabu."

Mama Miche aliona maneno hayo yana mantiki. Alikuwa na hofu yake ya siku zote, hofu ya mtu anayekaa pasipo pake, kwamba wakubwa wakimwona wataudhika. Tena, wageni ni wageni. Wewe ukiambiwa wageni wanakuja, unaacha mabeseni njiani? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi kukaguliwa na manispaa.

Siku ya kuhamisha, wanawake wa mtaa walikuja na toroli na mabeseni, hakuna aliyeitwa mara mbili. Walibeba viriba hadi nyuma ya nyumba ya Mwalimu, wakavipanga kando ya kamba za kuanikia nguo, wakicheka, wakimtania kwamba leo Mama Miche anaolewa upya, mbona anahamisha vyombo. Yeye alicheka nao. Kisha wakafika kwenye viriba vya zamani, vile vya kona, na kicheko kikampungua.

Kiriba kikikaa sana mahali pamoja, mche hutoboa mfuko na kuingiza mzizi ardhini. Hauombi ruhusa. Mama Miche aliujua ujanja huo na kila msimu huzungusha viriba ili kuikata mizizi ingali midogo, lakini tangu Fundi aanguke alikosa mikono. Miparachichi yake mikubwa, ile aliyokuwa anaingoja ifike bei nzuri, ilikuwa imeshika ardhi kisawasawa. Ukiivuta haitoki.

"Iache hiyo," mkewe Mwalimu alisema. "Itakufa na jua hili."

"Nikiacha hiyo, si fujo ileile?"

"Dada, hiyo ni mitatu minne tu pale kona."

"Wageni wakute pasafi," alisema Mama Miche. Akachukua kisu, akapiga magoti, akaikata mizizi mmoja mmoja kwa mkono wake. Alipomaliza alifukia mashimo, akafagia ukanda wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, akanyunyiza maji vumbi litulie. Palibaki ardhi nyekundu yenye mistari ya ufagio. Alisimama akapatazama, akajisikia fahari, kwa sababu hakuwahi kujua kuwa mahali pake ni pakubwa vile.

Wageni walikuja asubuhi yake wakiwa kikundi. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu mnene mpole mwenye kofia ya kukinga jua, na nyuma yake msanifu wa mwenye mradi na michoro yake kwapani, na afisa mipango miji, msichana mwenye sauti ya chini aliyekuwa akiandika kila kitu. Mwalimu aliwaongoza. Mtaani waliuona wembamba wa njia, wakatikisa vichwa. Kisha wakazunguka nyuma.

"Karibuni, piteni," Mama Miche alisema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kutokea.

"Ahsante, mama. Hapa pasafi sana," mwenyekiti alisema, na akasema kweli kwa moyo wake. Alitembea ukanda wote bila kuangalia miguu. Msanifu akatembea naye, akapima kwa hatua, akasimama mtaroni, akatazama barabara ya nyuma, akarudi. Walinong'ona. Yule msichana akatoa simu kupiga picha, na Mama Miche, aliyekuwa amesimama katikati, akasogea pembeni haraka ili asiharibu picha ya watu.

Msichana akamwona. "Shikamoo mama. Wewe ni mkazi wa hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi nauza miche."

Akatazama huku na huku. "Iko wapi hiyo miche?"

"Iko kule, nyuma kwa Mwalimu," alijibu Mama Miche, akaonyesha kwa mkono, akiona aibu kidogo kuwachosha na mambo yake. Msichana akageuka, akaona kwa mbali majani yakichungulia chini ya kamba za nguo, akaandika. Hivyo tu. Wakaaga, wakaondoka, na mwenyekiti akageuka mara ya mwisho kusema tena kwamba pale ni pasafi. Jioni Fundi aliomba asimuliwe jambo hilo mara kadhaa, na kila mara alitaka kujua mwenyekiti alilisema kwa sauti gani.

Miche ilirudi mahali pake wiki ileile, toroli kwa toroli. Milimao haikujua kama ilihama. Lakini miparachichi ya kona ililala majani mchana wa kwanza na haikuamka, hata alipoiwekea kivuli cha gunia na kuimwagilia kwa kikombe. Aliihesabu kuwa sadaka. Alijiambia kwamba hakuna jambo jema lisilokuwa na gharama yake, akaendelea.

Kikao cha uamuzi kilifanyika ukumbi wa manispaa, viti vya plastiki, feni moja inazunguka na ya pili inatazama. Mtaa ulijaa safu za mbele. Mwenyekiti akasoma. Nyumba zipunguzwe: watu wakapiga makofi. Ghorofa zisogezwe mbali na nyumba za majirani zisiwazibie jua: makofi. Lango la mradi lisifunguke mtaani. Hapo watu walisimama kabisa, Mwalimu akikumbatiwa na mwenye duka ambaye hawakuwa wakisalimiana, na Mama Miche naye alisimama akapiga makofi kama wenzake.

Mwenyekiti akangoja watulie, akaendelea. Kamati, baada ya kufika na kujionea kwa macho, imeridhika kwamba ukanda wa nyuma ni ardhi ya manispaa, uko wazi, hauna mti wala kibanda, na hautumiki kwa shughuli yoyote. Barabara ya kuingia kwenye mradi itapita hapo.

Mikono ya Mama Miche ilikuwa bado imekutana. Ilimchukua muda kuelewa, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa kwenye matangazo ya vifo. Kisha akainua mkono. Mtu ambaye mbele ya wakubwa hakuwa na maneno akajikuta amesimama peke yake.

"Mheshimiwa mwenyekiti, huo ukanda ni mimi niko hapo."

"Uko hapo kivipi, mama?"

"Na miche yangu. Miaka yote. Watoto wangu wamesomeshwa na hiyo miche."

Mwenyekiti akafungua picha, akaitazama vizuri. Hakuwa na haraka wala dharau. "Siku tuliyokuja hapakuwa na miche."

"Niliitoa."

"Kwa nini uliitoa?"

"Kwa sababu mlikuwa mnakuja."

Ukumbi ukacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kama watu wanavyocheka wakiwa na furaha na kitu chochote kinatosha. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu kidogo, halafu akaacha.

"Na sasa hivi iko wapi?"

"Ipo palepale. Niliirudisha."

Alimgeukia karani. "Basi iandikwe kwamba kuna miche imewekwa kwenye ukanda baada ya ukaguzi. Mwenyewe ataiondoa kabla kazi haijaanza."

Yule msichana wa mipango akamsogelea Mama Miche, akamwambia taratibu, "Mama, mimi nilikuuliza. Uliniambia iko kwa Mwalimu. Niliandika ulivyoniambia." Macho yake yalikuwa yamelowa. Laiti angekuwa mbaya. Mtu mbaya unamlaani, unalala. Lakini mle ndani hamkuwa na mbaya hata mmoja, kila mtu alifanya kazi yake sawasawa, na mwanamke alikuwa anaangamia katikati yao.

Mama Miche akamtafuta Mwalimu kwa macho. Mwalimu aliinuka nusu. Alijua yote, miche ilikaa kwake, kamba zake za nguo zilikuwa shahidi. Ila lango likikosa kupita nyuma, litarudi mtaani, na safu zote za mbele zilikuwa zimegeuka zinamtazama, mwenye duka akiwa wa kwanza. Mkewe akamshika mkono wa shati. Mwalimu akakaa, akaanza kufuta miwani.

Walirudi pamoja, kwa kuwa njia ilikuwa moja. Walitembea wakiongea mambo ya chini chini, na furaha yao walikuwa wameikunja kama mtu anavyokunja nguo mpya mbele ya mfiwa. Karibu na bomba, Mwalimu alipunguza mwendo. "Dada, hili jambo tutakaa tulizungumze."

"Sawa, Mwalimu."

"Hatutakuacha."

"Sawa."

Mkewe alisema tu kwamba maji yapo, achote muda wowote. Kisha akaona alichosema, akaingia ndani.

Kutoka pale hadi chumbani kwake, Mama Miche alibeba maneno aliyokuwa ameyapanga tangu ukumbini. Yalikuwa maneno makali. Ni wewe. Wewe na chumba chako kisichopakwa rangi na vyombo ndani. Wewe umekaa kwenye kiti unafundisha watu kazi, mimi nikakata mizizi yangu kwa kisu changu, nikafagia nyayo zangu mwenyewe hadi zikaisha. Aliyarudia ili yasimpotee. Alitaka mtu mmoja duniani aumie pamoja naye, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Alipofungua mlango alimkuta Fundi amevaa shati la kwendea mjini. Jinsi alivyolivaa peke yake na nyonga ile, Mungu ndiye anayejua. Mkononi alikuwa na ufagio. Alikuwa amefagia akiwa kitini, kote ufagio ulikofika, na sakafuni palikuwa na nusu duara iliyong'aa kuzunguka miguu yake. Nje ya duara vumbi lilikuwa kama lilivyokuwa.

"Nimesikia watu wanarudi wamechangamka," alisema. "Nikasema watapita kutupa hongera. Wasikute vibaya."

Mama Miche alisimama kizingitini.

"Haya, niambie. Nyumba zimepunguzwa?"

"Zimepunguzwa."

"Na magari?"

"Hayapiti mtaani."

"Afadhali. Mwalimu mwanaume." Akauegemeza ufagio ukutani kwa uangalifu. Kisha akauliza lile alilokuwa analingoja mchana kutwa, akijifanya halina uzito. "Na pale kwetu? Walisema chochote?"

Yale maneno yote yalikuwa mdomoni. Alimtazama mumewe, shati lililofungwa kifungo kimoja kombo, kopo na fimbo kando ya kiti. Akaingia, akakanyaga nje ya ile nusu duara ili asiichafue.

"Walisema walijionea kwa macho yao," alijibu. "Pasafi, hapana kitu. Wameiandika kabisa, imesomwa mbele ya watu wote."

Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, na uso wake ukalegea kwa raha ambayo mkewe hakuwa ameiona tangu siku za ngazi.

"Si nilikwambia, mama watoto," alisema. "Mtu huamua kwa anachokiona." Halafu akaomba maji ya kunywa, naye akaenda kumletea.